Filamu ya Kutisha Tuliyoipeleka Kisoko

"Sauti ninayoisikia peke yangu, ipo au haipo?"

Niliulizwa swali hilo katika kijiji cha Kisoko, mashariki mwa Uganda, na mwanamke mjane, mtoto mgongoni, nikiwa nimesimama kando ya gari la Idara ya Habari na maikrofoni mkononi. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu na nilikuwa nimezoea kuuliza kuliko kuulizwa. Nilimwambia, "Mama, sijui." Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilotarajia.

Ninyi mnaotazama filamu kwenye simu, kila mtu na yake, huenda hamjui kwamba zamani filamu ilikuwa na mtu wa kuisemea. Mtu huyo nilikuwa mimi, katika miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga.

Siku ya kwanza niliripoti Tororo, katika ofisi iliyokuwa na vumbi jeupe la kiwanda cha saruji hata juu ya vikombe vya chai. Aliyenipokea ni Afisa Habari wa Wilaya, mtu mwembamba, mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo ukasimama kama kisu. Alisoma karatasi zangu, akanitazama.

"Binti Nekesa. Wa Busia?"

"Ndiyo, bwana. Mama yangu ni wa huku, Mpadhola."

"Kwa hiyo una Kisamia, Dhopadhola, Kiswahili na Kiingereza. Vizuri. Unajua kunyamaza?"

"Inategemea, bwana."

Aliweka karatasi chini. "Filamu za serikali hazina maswali. Choo ni kizuri. Maji machafu ni mabaya. Pamba ipandwe kwa mistari. Wewe unaeleza, watu wanasikia, mnafunga vyombo, mnarudi."

"Na watu wakiuliza?"

"Watauliza nini? Choo ni choo."

Cheo changu kiliitwa mfasiri wa filamu. Filamu zilikuja na sauti ya Kiingereza, kwa hiyo fundi aliishusha sauti hiyo, na mimi nikazungumza juu yake. Fundi wetu, ambaye pia ndiye aliyeendesha gari, alikuwa Bwana Wandera, mtu wa kwetu Busia, mnene, mcheshi, aliyeogopa nyoka tu duniani. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Filamu hukaa kwenye gurudumu la bati. Unaivuta, unaipitisha mbele ya taa ya projekta, na kabla haijafika kwenye taa unaiacha ilegee kidogo, kama uzi usiovutwa. Mlegeo huo tuliuita kitanzi. Kitanzi kikipotea, picha inarukaruka na watu wanaanza kupiga mbinja. Filamu ikikatika, unakwangua ncha mbili, unatia gundi, unabana, unapuliza. Jenereta tuliiweka mbali, nyuma ya jengo lolote, ngurumo yake isizidi sauti yangu.

"Sauti yako iwe tambarare," Wandera aliniambia. "Usilie wakilia, usicheke wakicheka. Wewe ni bomba, maji yanapita tu."

Niliuliza kwa nini. Akasema, "Dada, hata jenereta hupumzika. Maswali yako yanapumzika lini?"

Lakini watu nao waliuliza. Katika filamu ya pamba alikuwamo mkulima hodari anayeamka, analima, anavuna, anarudi nyumbani na kukuta chakula mezani. Kule Mulanda mzee mmoja alisimama akataka kujua ni nani aliyekipika, maana tangu filamu ianze hakuna mwanamke aliyeonekana. Niliporudi nilimuuliza Afisa. Alisema swali hilo halihusu pamba.

Mwaka wangu wa pili ulileta furushi kutoka Kampala. Ndani yake mlikuwa na magurudumu mawili na kikaratasi cha orodha, kilichosema kwamba hii ni filamu iliyotoka kwenye televisheni, fungu la Afya. Televisheni yenyewe ilikuwa changa, na Tororo walioiona walikuwa wachache. Tulifunga madirisha ya ofisi mchana, tukaitazama ukutani, Afisa, Wandera na mimi.

Haikuwa na damu wala jini. Mke na mume wamehamia nyumba kubwa ya mawe, nchi ya baridi. Kila jioni mke anasikia mtu akipumua nyuma ya ukuta wa chumba cha kulia. Anamwambia mumewe. Mume anakunja gazeti, anasema ni upepo. Anaitwa daktari, anatoa vidonge. Mke anavimeza, anasinzia, anadhoofika, na pumzi haziachi. Kamera haiingii nyuma ya ukuta hata mara moja. Inamtazama yeye tu, uso wake, sikio lake, mkono wake ukipapasa rangi ya ukuta. Nilikuwa nimesoma kidogo elimu ya nafsi chuoni, na nikaona aliyeitengeneza ameelewa jambo. Sauti ile haikunitisha sana. Kilichonitisha kilikuwa ule uso mtulivu wa mume kila anapojibu "upepo", na jinsi mke alivyoanza kujichunguza kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mwishoni mke anapiga magoti na kuweka sikio ukutani. Mume anaingia. Tunangoja amkaripie. Badala yake anapiga magoti kando yake, anaweka sikio lake kwenye ukuta ule ule, anafumba macho, anaitikia kwa kichwa. Anasema alikuwa akiisikia tangu siku waliyohamia. Basi, imekwisha.

Wandera aliwasha taa. Shati lilikuwa limemgandama mgongoni. "Hii si ya afya," alisema.

"Imeandikwa afya," alijibu Afisa.

"Bwana, hii imetengenezwa watu waogope."

"Kuna daktari ndani. Kuna vidonge. Binti Nekesa, utaeleza kwamba mama huyu ni mgonjwa wa akili, na kwamba mgonjwa apelekwe hospitali mapema."

"Lakini vidonge havikumsaidia, bwana. Na mumewe alisikia pia."

"Havikumsaidia kwa sababu hakuvimeza kwa utaratibu. Eleza hivyo."

Filamu ile ilikuwa na tabia ya ajabu. Kila baada ya muda, palipokuwa na hofu zaidi, skrini iligeuka nyeusi kabisa, ikakaa hivyo, kisha hadithi ikaendelea. Wandera alifungua projekta akidhani balbu inakufa. Balbu ilikuwa nzima. Ni filamu yenyewe iliyokuwa na vipande vyeusi. Kwa kuwa hatukuthubutu kukata mali ya serikali, tukaamua kwamba giza likija, fundi atasimamisha mashine na kuwasha taa ya karabai, nami nitazungumza na watu mpaka tuendelee.

Tulianzia Mulanda, kwenye kituo cha biashara. Wanaume walimcheka daktari. "Anampima mkono, na ukuta haupimi!" Kisha tukaenda Mella, kwa Wateso, ambako mtu alinisaidia kwa lugha. Taa ilipowashwa, wanawake wa Mella walianza kuhojiana wenyewe. Huyu mama hana jirani? Hana mke mwenzake, hana dada wa mume, hana mtu wa kumwazima chumvi? Mmoja alimaliza mjadala: ugonjwa wake ni nyumba kubwa. Niliyasikia hayo nikafikiri kwamba profesa wangu angehitaji saa nzima kuyasema.

Habari za filamu zilitutangulia. Tulipofika Kisoko alasiri, watu walikuwa wameshajua kwamba tumebeba picha ya mwanamke anayesikia-sikia mambo. Tukiwa tunafunga shuka nyeupe kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa kanisa, alikuja mwanaume wa makamo, nadhifu, akavua kofia.

"Habari ya kazi, bibi. Mimi naitwa Okoth. Nataka saidia kidogo."

"Karibu, Bwana Okoth."

"Ndugu yangu alikufa. Aliacha hii mama wa Mella na watoto. Mimi nilisema nitaangalia hii boma, kama desturi. Yeye nakataa. Sasa nasema jioni nasikia marehemu nakohoa pale kwa ghala." Alicheka kidogo, bila furaha. "Jumamosi wazee nakaa. Sisi nataka yeye arudi kwao Mella apumzike. Watoto nabaki, ni wa ukoo. Leo wewe eleza wazi hii ugonjwa, watu wasikie kwa mdomo ya serikali. Basi."

Alipoondoka, Wandera alinong'ona, "Huyo na Afisa wetu wangeelewana."

Punde akaja mjane mwenyewe. Watu walimwita Mama Nyafwono, kwa jina la yule mtoto aliyembeba. Dada yake wa Mella alikuwa ameiona filamu na kumtumia salamu: kuna gari linakuja na mwanamke kama wewe. Hakulia wala hakunisihi. Alisema mumewe alikuwa na kikohozi cha miaka mingi, kifupi, mara mbili mbili, na kwamba kila jioni akiingiza mbuzi anakisikia kando ya ghala. Alikuwa hata hakiogopi. Kosa lake lilikuwa kukisema. Kisha akaniuliza swali nililoanza nalo, nami nikashindwa.

Mnaona nilivyokuwa nimebanwa. Ningesema alivyoagiza Afisa, ningekuwa nimemtia Okoth neno la serikali mdomoni, na Jumamosi yule mama angerudi Mella mikono mitupu. Ningesema kwamba marehemu wanakohoa, ningekuwa nimesema nisichokiamini. Sikuamini mizimu wakati ule, na siamini sasa.

Giza lilipoingia uwanja ulijaa. Okoth alikuwa mbele, kwenye kiti, pamoja na wazee. Mama Nyafwono alikaa pembeni kwenye nyasi, na kando yake bibi mmoja mdogo wa umbo, shuka limemfunika hadi kidevuni. Niliambiwa huyo ni Min Okoth, yaani mama yake Okoth na mama wa marehemu.

Nilitafsiri kwa Kiswahili, nikirudia kwa Dhopadhola penye ugumu, sauti tambarare kama nilivyofundishwa. Watu hawakupiga mbinja. Kikaja kipande cheusi cha mwisho, kabla tu mke hajapiga magoti. Wandera akasimamisha mashine na kuwasha karabai. Hapa ndipo nilipotakiwa kueleza habari ya vidonge.

Niliishika maikrofoni nikasema, "Mnaonaje? Mama huyu ni mgonjwa?"

Wandera alinigeukia ghafla hata karabai ikayumba.

"Mgonjwa!" alisema Okoth. "Hii iko wazi. Apelekwe kwao."

"Kwao wapi?" mwanamke mmoja alimrukia. "Umemwona mama yake kwenye hiyo picha? Wewe Okoth, unajua kwao hata kwa Wazungu?"

Watu wakacheka.

"Mimi nasema hii nyumba iuzwe," alisema mzee mmoja. "Nyumba yenye kupumua ni ya nini?"

"Wewe ungeinunua!"

"Kwa bei nzuri, kwa nini nisinunue? Ipumue tu, mimi nakoroma."

"Ngojeni," alisema mwanamke yule wa kwanza. "Mume ndiye simwelewi. Nyumba ni moja, ukuta ni mmoja. Yeye masikio yake yako wapi?"

Wengine walimtazama Mama Nyafwono, kisha wakatazama pengine. Nikamwashiria Wandera aendelee.

Mke akapiga magoti. Mume akaingia, akapiga magoti kando yake, akaweka sikio ukutani, akafumba macho, akaitikia. Nikatafsiri: "Hata mimi naisikia. Nimeisikia tangu siku tuliyohamia."

Kabla filamu haijatoka kwenye projekta, Min Okoth alisimama. Alitembea hadi mbele ya mwanga, kivuli chake kikaijaza shuka yote, kikawafunika yule mume na mke. Alizungumza Dhopadhola kwa sauti kubwa, kubwa kuliko ilivyohitajika.

"Hata mimi namsikia mwanangu. Kila jioni, pale kwenye ghala. Huyu mkaza mwana wangu si mwongo. Mkimpeleka Mella, mnipeleke na mimi."

Kuna mtu alicheka, kicheko kifupi kilichokatika upesi. Nilidhani ni cha woga. Okoth alikuwa amekwisha kuinuka nusu, kinywa wazi. Nilimwona akilitafuta neno, akilipata, na kulimeza. Akakaa. Mzee wa kununua nyumba alikohoa, akasema taratibu, "Mama amesikia. Basi, amesikia."

Tulilala Kisoko. Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilikwenda kwenye boma lao, kwa sababu sikuweza kujizuia. Min Okoth alikuwa akibambua karanga. Nilichuchumaa, nikamuuliza kikohozi chenyewe kikoje, kizito au chepesi, kinatoka upande gani. Alinitazama midomo, akatabasamu, akanijazia karanga mikononi. Nilichukulia kwamba hataki kujibu mtoto msumbufu. Nikasimama kando ya ghala kwa muda. Nilisikia mbuzi, kuku, na kinu cha kusaga kule kwenye kituo cha biashara.

Jumamosi wazee walikutana. Wandera alipata habari sokoni: walizungumza mpaka wa shamba na daraja lililobomoka, na suala la mjane halikutajwa na yeyote. Mama Nyafwono alibaki kwake na watoto wake.

Wiki chache baadaye alitufikia Mkaguzi wa Filamu kutoka Kampala, mtu mwenye miwani mizito, aliyekuwa akifuata magurudumu yale wilaya hadi wilaya. "Nani aliwaambia hii ni ya afya?"

"Kuna daktari ndani," alisema Afisa.

"Daktari mwenyewe ndiye anayekosea!" Alitueleza, kwa uchovu, kwamba ilikuwa filamu ya kutisha, iliyotengenezwa kwa televisheni huko ng'ambo. Vipande vyeusi ni mahali ambapo wenzetu hutangaza sabuni. Karani alikuwa ameiweka kwenye fungu lisilo lake. Wandera alisikitika kwamba tumepoteza nafasi ya sabuni. Mkaguzi alichukua magurudumu, akaniuliza watu waliipokeaje. Nilimweleza kisa cha Kisoko. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Binti, wewe njoo Kampala."

Lakini kwanza walinipeleka Busia, nyumbani, nikakaa katika kituo kidogo cha mpakani, tukionyesha filamu kwa watu waliovuka asubuhi na kurudi jioni. Bosi wangu wa pale, Msimamizi wa Kituo, alipenda kila kitu kwa ufupi, hata salamu. Baadaye nilihamia kweli Kampala, kwenye televisheni, nikafundisha vijana kusoma habari na kusemea picha. Cheo kilipanda, gari likabadilika, projekta ikaingia stoo, ikaja kanda, kisha vitu nisivyovijua majina. Nilistaafu nikarudi Busia, kwenye nyumba yenye watu wengi mno hata huwezi kusikia pumzi za ukutani.

Katika mafunzo yote niliyotoa, nilitumia Kisoko kama mfano. Niliwaambia vijana: filamu ina nguvu hiyo. Bibi mwenye msiba alitazama mtu akiweka sikio ukutani, na sauti ikaingia katika masikio yake. Hofu na huzuni huhama kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kupitia picha, kwa hiyo chungeni mnachokionyesha. Nilikuwa na uhakika na maelezo hayo. Niliyachunguza kila upande, kama ninavyochunguza kila kitu, na hayakuwa na ufa.

Katika uzee nimejifunza kwamba kazi yetu haikuwa kueleza kama Afisa alivyodhani, na haikuwa bomba kama alivyosema Wandera. Tuliwasha taa katikati ya hadithi, watu wakaonana nyuso. Sijui kama kuna anayefanya hivyo siku hizi.

Mwaka juzi, kwenye kikao cha harusi hapa Busia, nilikaa karibu na mwanamke mtu mzima, mfanyabiashara wa vitenge, aliyevuka kutoka upande wa Kenya. Tulipotajiana majina, akasema anaitwa Nyafwono, wa Kisoko. Nilimshika mkono. Mama yake, aliniambia, alikaa katika boma lile hadi alipozikwa humo, kando ya mumewe. Nikamsimulia usiku wa filamu, na jinsi bibi yake alivyosimama kwenye mwanga. Nikamuuliza kama bibi aliendelea kukisikia kile kikohozi.

Nyafwono aliweka kikombe chini ili asimwage chai kwa kicheko.

"Akisikie kwa masikio gani, mama? Bibi alikuwa kiziwi kabla baba yangu hajaoa. Hata radi alikuwa haisikii. Kumwita kula, tulimgusa bega."

"Na watu wa Kisoko?"

"Walijua wote," alisema. "Baba mdogo Okoth ndiye aliyekuwa akimsemea dukani."